Baa ya Jirani Inapokunyima Usingizi: Haki Zako na Namna ya Kuzidai

Makala hii inamhusu mkazi wa Kariakoo, Gerezani, Mchikichini, Kisutu au Upanga ambaye hupata usingizi saa 8 za usiku kwa sababu muziki wa baa iliyo chini ya ghorofa yake, au ng'ambo ya barabara, haujazimwa. Inamhusu pia mwenye duka anayelala nyuma ya duka lake, mama mwenye mtoto mchanga, mwanafunzi wa kidato cha nne, na mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi au Moroni kununua bidhaa akapanga chumba cha wageni akitaraji kupumzika. Tunaeleza sheria inasema nini na nani ana mamlaka gani. Tunaeleza kwa kirefu zaidi namna ya kuandaa lalamiko ambalo ofisi haiwezi kulitia kwenye saraka na kulisahau, kwa kuwa hapo ndipo malalamiko mengi huanguka.

Tunalihesabu suala hili kuwa la mtumiaji kwa sababu rahisi. Katika eneo hili wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake malipo ya dalali. Aliyekwisha kutoa fedha hizo hawezi kuhama wiki ya pili. Amenunua mahali pa kulala, na mahali hapo hapalaliki.

"Hapa ni Kariakoo"

Jibu la kwanza ambalo mlalamikaji hupewa, na wakati mwingine hupewa na mtumishi wa umma, ni kwamba hapa ni Kariakoo, asiyetaka kelele ahamie Kigamboni. Jibu hili lina chembe ya ukweli, na ni vizuri kuukubali ukweli huo kabla ya kuendelea. Eneo hili halijapata kuwa la kimya. Soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 limevuta malori ya mizigo usiku na mchana kwa miaka mingi. Klabu za Simba na Yanga zina makao yao hapa hapa, na siku ya mechi yao hakuna anayetarajia utulivu. Muziki wa dansi umepigwa katika kumbi za Kariakoo na Ilala tangu kabla ya uhuru. Mchana, vipaza sauti vya wauzaji hurudia bei ya shati moja hata mtu akaikariri bila kupenda. Na mwaka 2025 mpango wa kufanya biashara kwa saa 24 ulizinduliwa Kariakoo.

Lakini ruhusa ya kuuza kitenge saa 9 za usiku si ruhusa ya kufungulia spika saa 9 za usiku. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinayagawa maeneo kwa jinsi yanavyotumika: yapo ya hospitali na taasisi za elimu, yapo ya makazi peke yake, yapo yenye makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, na yapo ya viwanda. Kila kundi lina kiwango chake cha juu cha sauti, na kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Usiku kwa maana hiyo huanza saa 4.00 na kuisha saa 12.00 asubuhi. Mtaa wa Kariakoo wenye maduka chini na familia juu huangukia kundi la mchanganyiko. Kiwango chake ni kikubwa kuliko cha mtaa wa makazi matupu, ila kipo. Mkazi wa hapa huvumilia zaidi, lakini hajapoteza haki ya kulala.

Hoja ya pili ambayo wenye baa huipenda ni ya nani aliyetangulia: "Mlitukuta." Hoja hii ina kesi yake mashuhuri. Mwaka 1879 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri la Sturges na Bridgman. Mtengenezaji wa vitamu wa London alikuwa ametumia vinu vyake vikubwa kwa zaidi ya miaka 20. Jirani yake, daktari, akajenga chumba cha kuonea wagonjwa kilichopakana na karakana hiyo, na kelele za vinu zikamzuia kufanya kazi. Mtengenezaji vitamu alidai kwamba yeye ndiye aliyekuwapo kwanza. Alishindwa. Hukumu hiyo ina uzito kwetu, kwa kuwa misingi ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 ilipokewa Tanganyika na ingali sehemu ya sheria zetu pale ambapo Bunge halijaweka kanuni nyingine. Ni haki pia kusema kwamba hukumu hiyo hiyo ilikiri kuwa hali ya mtaa huangaliwa: kinachokuwa kero katika mtaa wa matajiri waliotulia si lazima kiwe kero katika mtaa wa mafundi. Kwa hiyo usiende kudai kimya cha kijijini. Dai usiku unaolalika.

Sheria zinazokulinda

Msingi ni kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, kinachompa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo inakiruhusu chombo kinachoisimamia, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kukagua, kupima, kutoa amri ya kusitisha na kutoza faini. Wenye baa wanalifahamu hilo. Mwaka 2022 NEMC ilizifunga baa na kumbi za starehe Dar es Salaam na kwingineko kwa sababu ya kelele, na miongoni mwake zilikuwamo zenye majina makubwa na wateja wenye majina makubwa.

Njia ya pili ni leseni. Baa huuza pombe kwa leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Vileo, Sura ya 77, na leseni hiyo hutaja aina ya biashara na huambatana na saa za kufungua na kufunga. Grosari iliyopewa leseni ya kuuzia watu vinywaji haikupewa leseni ya kuwa ukumbi wa disko. Sehemu inayofanya maonyesho ya muziki huhitaji pia kibali kinachosimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, pamoja na Afisa Utamaduni wa halmashauri. Mara nyingi kosa lililo rahisi kuthibitisha halihusu sauti hata kidogo. Ni kwamba baa iliyotakiwa kufunga haijafunga, au kwamba jukwaa limewekwa mahali ambapo kibali hakilijui.

Njia ya tatu ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo humfanya anayesababishia umma kero kuwa ametenda kosa la jinai. Hii ndiyo njia ya polisi, na tutaieleza mahali pake.

Neno kuhusu desibeli, kwa kuwa litatajwa mbele yako na wakati mwingine kwa nia ya kukuchanganya. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ongezeko la desibeli 10 maana yake ni nguvu ya sauti mara kumi, na sikio husikia kama imekuwa maradufu. Kwa hiyo mwenye baa anayekuambia "tumezidisha kumi tu" amekiri jambo kubwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba ndani ya chumba cha kulala sauti ya mfululizo isizidi desibeli 30, na mwaka 2009 likapendekeza kwa nchi za Ulaya wastani wa desibeli 40 nje ya nyumba wakati wa usiku. Hayo ni mapendekezo ya kiafya, si sheria ya Tanzania, lakini yanaonyesha kwamba anayelalamika hadeki. Usingizi unaokatwakatwa kila usiku huhusishwa na shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Jambo moja la kiufundi lina manufaa kwa wakazi wa maghorofa. Sauti nyembamba huzuiwa na dirisha lililofungwa, lakini besi hupita ukutani na kupanda kwenye nguzo za zege. Ndiyo maana mtu wa ghorofa ya nne huweza kusikia mdundo mtupu pasipo wimbo, na kikombe kikatetemeka mezani. Vipimo vya kawaida vya sauti huipunguzia besi uzito. Mkaguzi akija, mwombe apime ndani ya chumba cha kulala madirisha yakiwa yamefungwa, na umweleze wazi kwamba kero yako ni mdundo na mtetemo. Kanuni za mwaka 2015 zinahusu mitetemo pia.

Daftari kwanza

Kabla ya kuzungumza na mtu yeyote, nunua daftari. Kwa wiki mbili andika kila usiku, hata ule uliokuwa mtulivu. Usiku mtulivu ukiandikwa, msomaji huziamini siku nyingine. Maelezo yawe mafupi na ya mambo yanayoweza kuthibitishwa, mathalani: "Ijumaa tarehe 6. Muziki ulianza saa 2.15 usiku, ukaongezwa saa 4.40. Madirisha yamefungwa, maneno ya wimbo yanasikika chumbani. Ulizimwa saa 8.50. Kreti za chupa ziliburutwa hadi saa 9.20." Usiandike "kelele za kutisha" wala "wahuni". Afisa atakayelisoma daftari amezisoma hasira za watu wengi, na hasira haina tarehe wala saa.

Tenganisha vyanzo. Katika mtaa wenye baa tatu, anayelalamikia "baa" hajalalamikia yeyote. Shuka uone. Huenda mdundo unatoka kwa jirani wa baa unayoishuku. Huenda kinachokuamsha ni jenereta, au bodaboda wanaopiga honi wakisubiri abiria mlangoni. Mechi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza kwetu saa 4 au saa 5 za usiku kulingana na majira ya huko na kumalizika karibu na saa 6 au saa 7. Kelele za usiku wa Jumanne na Jumatano pengine ni za runinga na mashabiki, na dawa yake ni tofauti na ya muziki wa Jumamosi.

Rekodi sauti kwa simu, dakika moja moja, ukiwa ndani ya chumba chako, na utaje tarehe na saa mwanzoni mwa rekodi. Programu za simu zinazopima desibeli zinaweza kukupa fununu, ila usizitegemee kama ushahidi, kwa sababu maikrofoni ya simu haikusawazishwa kwa kazi hiyo. Usiwapige picha wateja wala kuzisambaza katika makundi ya WhatsApp. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, picha ya mtu asiyejua kwamba amepigwa huweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mlalamikiwa, na hakuna sababu ya kumpa mwenye baa zawadi hiyo.

Kuzungumza na mwenye baa

Nenda saa 10 za jioni, si saa 6 za usiku. Usiku meneja yupo mbele ya wateja wake, hawezi kuonekana ameshindwa na jirani, na wewe umetoka kitandani na hasira. Jioni anahesabu kreti na ana nafasi ya kusikiliza. Nendeni wawili au watatu, mmoja akiwa mtu mzima anayeheshimika jengoni. Anza kama inavyopasa: "Habari za kazi, kaka. Sisi ni majirani zenu wa ghorofa ya tatu na ya nne. Hatukuja kuizuia biashara. Tuna watoto wanaoamka saa 11 kwenda shule, na muziki unatufikia vyumbani hadi saa 8." Ikiwa mwenye mali ni mzee, shikamoo itangulie na mengine yafuate. Hatulisemi hili kwa ajili ya adabu peke yake. Mtu aliyesalimiwa vizuri hapati kisingizio cha kusema alishambuliwa.

Omba mambo yanayoweza kutendeka na kukaguliwa. "Punguzeni sauti" ni ombi litakalotimizwa kwa nusu saa. Badala yake omba spika za nje, zile zinazoelekea barabarani, ziingizwe ndani au zizimwe ifikapo saa 4.00 usiku. Omba spika zishushwe kutoka ukutani na ziwekwe juu ya mpira mzito au godoro gumu, kwa kuwa spika iliyofungwa kwenye ukuta hulifanya jengo zima kuwa spika. Omba besi ipunguzwe peke yake. Wateja hawataona tofauti kubwa, wewe utaiona. Omba kiwango cha juu cha mashine kiwekewe alama na ufunguo ubaki kwa meneja, si kwa mpiga muziki, ambaye sifa yake hupimwa kwa kelele. Omba chupa tupu zikusanywe asubuhi. Omba mlinzi awaondoe mlangoni wateja wanaopiga soga baada ya kufunga. Hakuna lolote kati ya haya linaloifilisi baa, na wahudumu, ambao nao hushinda ndani ya kelele hizo wiki nzima, mara nyingi huyaunga mkono kimyakimya.

Mkikubaliana, andika jioni hiyo hiyo ujumbe wa simu: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Kama tulivyokubaliana, spika za nje zitazimwa saa 4.00 usiku kuanzia Ijumaa." Ujumbe huo ni kumbukumbu. Ikiwa meneja atakataa, au atakuuliza kama unajua mwenye baa ni nani, usibishane. Andika jibu lake katika daftari kwa maneno yake, kisha nenda hatua inayofuata.

Mwenye nyumba wako

Watu huisahau hatua hii, na huku katikati ya jiji ina nguvu ya pekee. Katika maghorofa mengi ya Kariakoo aliyempangisha mwenye baa ghorofa ya chini ndiye aliyekupangisha wewe ghorofa ya juu. Anapokea kodi mbili kutoka jengo moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huingiza katika mkataba wa pango sharti la kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake ataifaidi nyumba kwa amani bila kuingiliwa na mwenye nyumba, wala na yeyote anayedai haki kupitia kwake. Mpangaji mwenzako wa chini ni mtu wa namna hiyo. Si kila sauti huvunja sharti hili, lakini muziki wa kila usiku hadi alfajiri, unaovumiliwa na mwenye nyumba aliyekwisha kuarifiwa, ni jambo la kujibiwa. Mwandikie. Ikiwa mko wapangaji sita wa jengo moja, andikeni barua moja yenye saini sita. Usizuie kodi kwa kujichukulia uamuzi; ukifanya hivyo unampa sababu ya kukutoa, na mjadala utaacha kuwa wa kelele na kuwa wa deni lako.

Ofisi za serikali, na mpangilio wake

Anza na Serikali ya Mtaa. Mwenyekiti na Mtendaji wa Mtaa wanaijua baa, wanamjua mwenyewe, na huweza kuwaita wote wawili mezani. Hapo ndipo penye udhaifu wake pia, maana wakati mwingine wanamjua kupita kiasi. Kwa sababu hiyo usiishie kwa maneno ya mdomo. Peleka barua katika nakala mbili, acha moja, na ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karatasi hiyo moja yenye mhuri ndiyo itakayokufungulia milango yote iliyobaki. Ofisi ya juu itakuuliza kwanza, "Umepitia mtaani?" na utaiweka mezani bila kueleza zaidi.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Huu hapa mfano wa kiini chake:

"Sisi wakazi wa jengo lililopo Kiwanja Na. ..., Mtaa wa ..., tunalalamikia muziki unaopigwa na baa iitwayo ..., iliyopo ghorofa ya chini ya jengo jirani. Katika siku 14 kuanzia tarehe ... hadi ..., muziki ulivuka saa 4.00 usiku katika siku ..., kama jedwali lililoambatishwa linavyoonyesha. Tulizungumza na meneja tarehe ... akaahidi kuzima spika za nje. Ahadi hiyo haijatekelezwa. Tunaomba ofisi yako itukutanishe na mmiliki ndani ya siku saba, na itupatie jibu kwa maandishi."

Tazama kwamba barua hiyo inaomba jambo moja lenye muda wake. Siku saba zikipita bila jibu, peleka barua kwa Afisa Mtendaji wa Kata ukiambatisha ile yenye mhuri, na nakala kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Itakumbukwa kwamba tangu Februari 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji. Barua inayoelekezwa kwa manispaa isiyokuwapo tena huzunguka bure. Pale halmashauri wapo maofisa watatu wa kuwalenga. Afisa Mazingira hushughulikia kelele zenyewe, Afisa Afya hukagua majengo ya vinywaji, na Afisa Biashara hushika faili la leseni. Huyu wa tatu ndiye tunayemtilia mkazo. Leseni ya vileo hutolewa kwa muda na huombwa upya, na pingamizi la wakazi likiwa ndani ya faili siku maombi yanapojadiliwa, mwenye baa aliyekuwa hana nafasi ya kuonana nanyi huipata.

NEMC hupokea malalamiko moja kwa moja, na hakuna kanuni inayokulazimisha kumaliza ngazi zote kabla ya kuifikia. Hata hivyo lalamiko linalofika likiwa na daftari la wiki mbili, barua zenye mihuri na saini za kaya kadhaa hushughulikiwa kwa namna nyingine kuliko simu ya mtu mmoja mwenye hasira. Eleza siku na saa ambazo kelele hufikia kilele. Mkaguzi akija Jumatatu saa 5 asubuhi atapima ukimya, na ukimya huo utaingia katika taarifa.

Polisi ni kwa usiku wenyewe. Kukiwa na mapigano, vitisho, chupa zinazorushwa, au baa iliyopitisha saa zake na kukataa kuzima, piga 112 au nenda kituo cha karibu na uombe namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo. Askari wakija na muziki ukazimwa kisha ukawashwa walipoondoka, andika vyote viwili pamoja na saa zake.

Mahakama ipo mwisho wa njia hii, na ni ndefu na ina gharama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inamruhusu mtu kufungua shauri kulinda haki ya mazingira safi, na madai ya kero yanaweza kuambatana na ombi la zuio na la fidia. Asiyemudu wakili aulizie watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ushauri wetu ni kwamba wakazi wafike huko wakiwa kundi.

Kundi lina kazi nyingine pia. Wapo wanaoogopa kulalamika, na hofu yao si ya kijinga: mwenye baa anaujua mlango wao, na mwanamke anayeishi peke yake hupita mbele ya baa hiyo akirudi kazini. Barua yenye saini za ghorofa tatu haina mtu mmoja wa kulengwa. Ukipokea kitisho, kiripoti polisi siku hiyo hiyo kama kosa linalojitegemea, na usikichanganye na lalamiko la kelele.

Kabla ya kulipa kodi au chumba cha wageni

Dalali humpeleka mteja kuona chumba saa 6 za mchana, na mchana huo baa ni viti vilivyopinduliwa juu ya meza. Rudi mwenyewe Ijumaa au Jumamosi saa 5 usiku, simama ndani ya chumba kama utaruhusiwa, au chini ya dirisha lake. Muulize mlinzi wa jengo jirani, na muulize mama lishe anayefungua alfajiri. Hawa hawapati kitu ukipanga wala usipopanga. Ukiona baa jirani na bado unakitaka chumba, omba mkataba uandike kwamba kelele za usiku zikithibitishwa na kutorekebishwa ndani ya mwezi mmoja, utaruhusiwa kuondoka na kurudishiwa kodi ya miezi isiyotumika. Wenye nyumba wengi watakataa. Wachache watakubali, na anayekataa kwa ukali amekwisha kukueleza hali ya usiku wa pale.

Mgeni wa nyumba ya kulala wageni yumo katika mkataba mfupi zaidi. Uliza kabla ya kulipa kama kuna muziki karibu, na uombe chumba cha nyuma. Ukiwa umeahidiwa chumba tulivu, kwa tangazo au kwa kauli ya mapokezi, na ukakuta ukumbi wa muziki ukutani, toa taarifa usiku huo huo, omba kubadilishiwa au kurudishiwa fedha, na uhifadhi stakabadhi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa, na lalamiko la namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Baada ya hatua kuchukuliwa

Baa iliyopewa onyo au iliyofungwa na kufunguliwa tena kwa masharti huwa tulivu kwa wiki tatu au nne. Endelea na daftari katika kipindi hicho. Muulize afisa aliyeshughulikia jambo lako masharti yaliyotolewa ni yapi, na uombe nakala yake au walau namba ya barua. Muziki ukirudi, usianze upya mtaani kana kwamba hakuna kilichotokea. Andika kwa ofisi iliyotoa masharti, taja namba hiyo, ambatisha kurasa mpya za daftari, na ueleze ni sharti gani limevunjwa, siku gani na saa ngapi.